Simu ikikaa mikononi mwa mtu mwingine, anza na Ufikivu

Pegasus ndiyo programu ya ujasusi inayotajwa zaidi. Mwaka 2019 ilirushwa kwa watumiaji wa WhatsApp wapatao 1,400 duniani. Lakini kwa mkazi wa kawaida wa Arusha, hatari iko karibu zaidi: mtu anayejua namba yako ya siri, akakaa na simu yako dakika chache na kuiwekea programu ya kukupeleleza. Anaweza kuwa unayelala naye chumba kimoja.

Njia nyingine ya kuiingiza ni kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Linatumwa faili la "kadi ya mwaliko" lenye jina linaloishia na .apk. Kadi ni picha au PDF; .apk ni programu. Usilifungue.

Wengi hujipa moyo kwamba meseji za WhatsApp zimefungwa kwa msimbo, mtu wa kati asizisome. Zimefungwa zikiwa njiani tu. Jasusi aliye ndani ya simu husoma kile kile unachokisoma wewe kwenye kioo, na ruhusa anayoipenda kuliko zote ni ya Ufikivu (Accessibility), inayoiruhusu programu kusoma kioo, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, utazame programu zilizopakuliwa. Jina kama "Huduma ya Mfumo" ambalo hukuliwasha wewe, lishuku. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect, kinga inayokagua programu: ikiwa imezimwa na si wewe, kuna aliyeizima.

Kitufe cha kuiondoa programu unayoishuku kikigoma, huenda imejipa usimamizi wa kifaa. Tafuta "msimamizi" ndani ya Mipangilio, iondolee mamlaka hayo, ndipo uifute.

Ila usikimbilie kufuta. Aliyeiweka ataona taarifa zimekatika, na akiwa mkali unaweza kuumizwa. Piga picha ya ushahidi kwa simu nyingine, ongea na Dawati la Jinsia polisi ukitumia simu hiyo hiyo nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa.

Nywila mpya zibadilishie kwenye kifaa safi. Ukizichapa kwenye simu iliyoambukizwa, umemkabidhi jasusi. Na hata ukirudisha simu ilivyotoka kiwandani, akaunti ya Google haiguswi: fungua orodha ya vifaa vyake, uondoe usichokijua, la sivyo ataendelea kuona picha na mahali ulipo.