Programu Inayoshauri Dawa za Maumivu, na Swali Isilouliza

Tangu programu ya kushauri dawa za maumivu iwekwe kwenye kompyuta za wodi yetu ya upasuaji, nimekuwa nikijiuliza tuitegemee kwa lipi hasa. Katika kulinda dozi sina shaka nayo. Hujumlisha parasetamoli yote aliyopewa mtu mzima, ya vidonge na ya mshipani, ili isizidi gramu 4 katika saa 24. Humzuia daktari aliyechoka asiandike ibuprofeni kwa mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika. Tena hukumbusha kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo mabaki ya morfini hukawia kutoka mwilini, hata yakaweza kumtia usingizi mzito na kupunguza pumzi zake saa kadhaa baada ya sindano.

Kinachonisumbua ni namba tunayoiingiza. Mgonjwa huulizwa maumivu yake yamefika wapi kati ya 0 na 10, naye, akiwa amelala chali bila kujitikisa, hujibu 3, na programu husema matibabu yanatosha. Mwambie akohoe, au ajiinue aketi, ndipo utakapoona uso ukikunjamana na mkono ukikimbilia mshono. Aliyepasuliwa tumbo akiogopa kuvuta pumzi ndefu, makohozi hujikusanya mapafuni na nimonia hupata njia. Akiogopa kutembea, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo maumivu ya kujitikisa ndiyo yanayopaswa kuongoza ushauri, na programu yetu haina hata nafasi ya kuyaandika.

Ningependa pia idai kujua mgonjwa amesinzia kiasi gani na anapumua mara ngapi kwa dakika kabla ya kupendekeza morfini zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kusema 8 huku akipitiwa na usingizi katikati ya sentensi, na huyo anahitaji kuchunguzwa kitandani kwake kabla ya dozi nyingine yoyote. (Tahadhari zisizo na uzito nazo zipunguzwe, zikijitokeza kwa kila dawa, tunazifunga bila kuzisoma.)

Nimewaandikia wanaoitunza programu nikiomba nafasi hizo ziongezwe. Kwa sasa naandika "akikohoa, 7" kwenye sehemu ya maelezo, ambayo kompyuta haiizingatii katika ushauri wake, lakini muuguzi wa zamu inayofuata huisoma.