Nilikaribia kununua diski mpya kumbe tatizo ni bafa

Sako yetu ya mawakala wa mobile money hapa Busia, upande wa Uganda, ilinipa faili la CSV (maandishi tu, kila muamala na mstari wake) la miamala ya miaka miwili, megabaiti 180, nijumlishe hela zilizotolewa. Nikaandika programu ya Java, nikairun, dakika nne na ushee bado inasaga tu na mzee mweka hazina anapiga simu, "kijana wangu, hesabu imefika wapi?"

Mi nikalaumu diski maana laptopu yangu ni ya zamani. Ila nilipoirun tena papo hapo, faili lishaingia kwa RAM, yaani kumbukumbu ya laptopu, muda ukawa ule ule, hapo nikajua diski haina kosa. Nikawasha strace na -f, kifaa kinachoonyesha kila kitu programu inachoomba kwa mfumo, aisee, skrini ikajaa read, read, read, kila moja inaleta baiti moja. Nilikua nimetumia FileInputStream tupu, kile kisomaji faili cha Java, na read() ndani ya kitanzi cha while, yaani kila herufi programu inaenda kuiomba kwa mfumo wa kompyuta, safari milioni 180! Ni kama kupakua trela la mahindi pale mpakani punje moja moja na magunia yapo.

Nikatengeneza bafa yangu mwenyewe, yaani gunia la kubebea baiti nyingi kwa safari moja, byte[8192], safari zikashuka kama elfu 22 hivi na muda ukawa sekunde mbili. Nikafurahi sana, alafu jumla ikakataa kulingana na rejista ya mzee, na hii ndo ilinisumbua kuliko ule mwendo wa kobe. Nikaprinti mistari yenye shida, nikakuta muamala wa 1250000 umekatika katikati, 125 imebaki mwisho wa bafa moja na 0000 iko mwanzo wa ile inayofuata, kwa sababu bafa haijui mstari unaishia wapi, yenyewe inahesabu baiti tu. Kipande cha mwisho lazima ukiweke, ukiunge na kinachokuja.

Kazi hiyo BufferedReader, kisomaji kingine cha Java chenye bafa ndani yake, inakufanyia. readLine() inakupa mstari mzima hata kama umevuka bafa, na bafa yake ya kawaida ni herufi 8192. Nikabadilisha, jumla ikakubali mpaka shilingi ya mwisho, mzee nikamtumia jioni ile ile. Nikajaribu pia kupandisha bafa mpaka megabaiti moja nione, zikabaki sekunde mbili zile zile, basi nikaiacha ilivyokuja.