Kwa Wakisii, baba ni mama

Hapa Kisumu ukisema "Baba" bila kuongeza jina hakuna mtu atakuuliza baba yupi. Ni Raila Odinga, yule mwanasiasa, na hata tangu atuache Oktoba 2025 bado ni yeye. Ukiongeza jina, Baba Otieno, Baba Achieng, hapo sasa ni jirani. Na mama akiita kijana wake mdogo "baba kuja ukule" pia hakuna mtu anashtuka.

Sasa shika matatu ya Kisii ushukie Sondu siku ya soko, pale Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii wanapatana. Ukiskia mtoto wa Kisii akilia "baba! baba!" usianze kutafuta mwanaume, manake anaita mamake. Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, mama ndiye baba, na baba mzazi ni tata. Na hii si lugha ya mbali, ni Kibantu kama Kiswahili, tatu yetu wao ni isato, Wabukusu, wale wa Waluhya, ni taru, undugu unauona kwa hesabu tu, wakati Mjaluo akisema adek unajua huyo ukoo wake wa lugha ni mwingine kabisa.

Kitu ilinishika zaidi ni Poland. Huko tata ni baba mzazi, na baba ni mwanamke, haswa mwanamke mzee, ingawa siku hizi kumwita mtu hivyo ni kumkosea heshima. Yaani tata upande wa wanaume na baba upande wa wanawake, vile tu iko kwa Wakisii wa Nyamira, na hizo lugha mbili hazina ukoo hata kidogo. Uturuki na China baba ni baba kama kwetu. Hungary baba ni mtoto mchanga, ama mwanasesere. Japani Baba ni jina la ukoo, linaandikwa kwa alama ya farasi na ya mahali, yaani uwanja wa kuendeshea farasi, hiyo hata haihusiani na wazazi.

Kuna watu husambaza kwa magrupu za WhatsApp ati juu Mchina na Mswahili wote husema baba basi tulitoka boma moja. Mi sikubali. Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson aliandika juu ya hii maneno akitumia maneno 1,072 ya mama na baba yaliyokusanywa na George Murdock kutoka lugha za dunia nzima, na asilimia 55 ya yale ya mama yalikuwa na sauti za m ama n, ya baba yalikuwa asilimia 15 pekee. Akasema mtoto akinyonya mdomo umezibwa, sauti inapitia pua, inatoka kama mmm, kwa hivyo m inakwendea yule ananyonyesha. Hizo zingine, ba na ta na pa, ni midomo na ulimi zinajaribu kazi. Mtoto bado hajaita mtu, ni sisi watu wazima tunaskia ba-ba tunasema ameniita mimi.

Ndio maana hata nchi ya Georgia wako na mama, lakini mama yao ni baba, na mama mzazi wanamwita deda!

Wa Suba, Wateso wa Busia, Wasabaot wa Mlima Elgon, nyinyi nyumbani mliita wazazi aje mkiwa wadogo? Niambieni, na mseme ni ya upande gani juu hata Waluhya wenyewe hawaiti sawa wote.