Bastola Mlangoni

Mwezi wa Oktoba 2013 nilikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika mkahawa mmoja wenye baa huko Westlands, Nairobi, karibu na jumba la Westgate, ambako watu 67 walikuwa wameuawa katika shambulio lililoanza Jumamosi ya tarehe 21 Septemba. Kabla ya hapo kazi yetu ilikuwa kufungua lango, kuelekeza magari, kuwawahi walevi waliotaka kuondoka bila kulipa bili, na kuwapekua wapishi kwenye mlango wa nyuma wasije wakatoka na nyama. Baada ya hapo tulipewa kifaa cha kukagulia chuma na kioo cha kutazamia chini ya magari, ingawa mshahara ulibaki ule ule. Kifaa chenyewe kililia kwa funguo, kwa mshipi na kwa sarafu, hata wateja wakazoea kutania kila kinapolia.

Ijumaa moja, yapata saa tatu usiku, kililia kiunoni mwa mteja ambaye meneja alimpenda sana kwa sababu alikuwa akilipia meza nzima. Aliinua koti bila haraka, nikaona kitako cha bastola. Akatoa cheti chake cha kumiliki silaha, nacho kilionekana halali, kisha akapiga hatua kama mtu aliyekwisha kuruhusiwa.

Mwenzangu wa zamu, mzee aliyestaafu polisi, alisogea akasimama kati yake na mlango. Mikononi alikuwa na rungu tu, kwa maana walinzi wa kampuni za binafsi nchini Kenya hawakuwa na ruhusa ya kubeba bunduki. Alisema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, cheti nimekiona na sina shaka nacho. Lakini ndani kuna pombe, na kwa pombe sisi haturuhusu silaha."

Meneja alikuja mbio akapendekeza tuifungie kwenye kasha la chuma la ofisini. Nilidhani jambo limekwisha, lakini mzee alikataa hata hilo, na mteja mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akakubaliana naye: mwenye cheti ndiye anayewajibika kwa silaha yake, na hawezi kumkabidhi mtu yeyote tu, awe meneja au dereva wake. Mahali pa kuiweka palikuwa nyumbani kwake, au kwa polisi katika kituo cha Parklands, ambacho hakikuwa mbali.

Mteja alichagua njia ya tatu, akampigia simu mwenye mkahawa. Simu ikapewa mzee. Sikusikia maneno ya upande wa pili, ila nilisikia jibu lake, na ninalikumbuka vizuri kuliko mafunzo yote niliyopewa kabla ya kuvishwa sare: "Sawa, bosi. Niandikie kwamba umemruhusu aingie nayo, utie sahihi, nami nitamfungulia mlango." Kulikuwa na kimya kirefu, kisha simu ikakatwa.

Wakati huo foleni ilikuwa imefika barabarani. Mama mmoja aliyekuja na binti zake aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama yule bwana anaingia na bastola, ili yeye ajue kama arudi nyumbani. Nadhani swali hilo, zaidi ya msimamo wetu, ndilo lililomrudisha mteja kwenye gari lake. Alirudi baadaye bila silaha, akainua mikono kabla sijamwambia, wala hakunisalimu. Niliandika yote katika daftari la matukio, pamoja na saa aliyoondoka na saa aliyorudi, kama mzee alivyoniagiza.

Sheria ya kudhibiti ulinzi wa binafsi, ambayo inampa mlinzi mamlaka ya kudai kitambulisho mlangoni, ilipitishwa mwaka 2016. Usiku ule hatukuwa na kitu cha kuegemea isipokuwa kanuni ya nyumba, nayo haikuwa imeandikwa popote.

Jumatatu iliyofuata meneja alileta tangazo lililopigwa chapa, la kupiga marufuku silaha za kila aina, zenye cheti na zisizo nacho. Mzee alilisoma mpaka chini, akamrudishia na kalamu juu yake, kwa kuwa halikuwa na sahihi ya mtu yeyote.