Korodani moja, na jeni ya pembe

Dume wa kondoo niliyemnunua mnadani miaka mitatu iliyopita alikuwa na kifua kipana na mgongo ulionyooka, nami nililipa bila kubishana sana kwa kuwa nilikuwa nikitafuta damu ya Dorper, mbari ya kondoo wa nyama, ya kuchanganya na majike wangu wekundu wa kienyeji. Jioni ya tatu jirani yangu, mzee wa Kimaasai aliyeanza kufuga kabla sijazaliwa, alipiga goti nyuma ya yule dume, akapitisha kiganja chini ya mfuko wa korodani na kuuminya taratibu kama mtu anayepima embe.

“Mwanangu,” akasema, “huyu ana moja tu. Nyingine imebaki tumboni.”

Sikumtoa zizini, na kosa hilo ni langu. Alikuwa akipanda kwa nguvu, na majike walishika mimba. Baadaye nilielewa sababu. Ili itengeneze mbegu, korodani inahitaji joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 4 hadi 6, kwa hiyo ile iliyobaki ndani haitoi mbegu, ingawa inaendelea kutoa homoni. Dume wa namna hiyo haonyeshi unyonge wowote mbele ya jike, na korodani yake moja iliyoshuka inaweza kabisa kumzalisha. Hasara niliiona kwa wanawe: kati ya madume 11 waliozaliwa, wawili walikuwa kama baba yao. Kwa kondoo hakuna cha kusubiri, maana korodani hushuka kabla mwanakondoo hajazaliwa.

Wale wawili niliwahasi. Waliobaki kunikosesha usingizi ni dada zao. Jike hana korodani ya kupapaswa, lakini anaweza kubeba kasoro ya baba yake kimyakimya na kuwapa wanawe, na hakuna jicho wala kiganja, hata cha mzee yule, kinachoweza kulibaini hilo. Hapa ndipo ninapoziona alama za kijenetiki, yaani sehemu za chembe za urithi (DNA) zinazoashiria sifa au kasoro fulani, kuwa na maana kwa mfugaji: zinasoma kwenye damu ya jike, au ya mwanakondoo wa siku mbili, jambo ambalo mwili wake hauonyeshi.

Jeni inayonivutia zaidi ni RXFP2, iliyo kwenye kromosomu ya 10 ya kondoo. Kazi yake ni kutengeneza kipokezi cha homoni ya INSL3, ambayo huongoza korodani zishuke, na panya walioharibiwa jeni hiyo hubaki na korodani tumboni. Ajabu ni kwamba jeni hiyohiyo ndiyo inayohusika na pembe: katika mbari nyingi za kondoo wasio na pembe kumekutwa kipande cha ziada cha DNA chenye herufi takriban 1,800 mwishoni mwa jeni hiyo. Dume wangu hakuwa na pembe, kama walivyo Dorper wengi, nami kwa muda niliamini nimempata mkosaji.

Nilipunguza haraka hiyo niliposoma habari za kondoo wa Soay katika visiwa vya St Kilda, Scotland. Wakazi wa kisiwa cha Hirta walihamishwa mwaka 1930, na mwaka 1932 kondoo 107 walipelekwa huko kutoka kisiwa jirani cha Soay. Tangu 1985 wazao wao wamekuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba aina moja ya RXFP2 humpa dume pembe kubwa na watoto wengi, ilhali aina nyingine humpa pembe ndogo na uwezo zaidi wa kuishi hadi mwaka unaofuata. Mwenye nakala moja ya kila aina hupata karibu faida zote mbili, na kwa sababu hiyo hakuna aina inayotoweka. Mafanikio ya dume pale yalitegemea kushindana na madume wengine katika msimu wa kupandana, kwa hiyo matokeo yale hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye zizi langu lenye dume mmoja asiye na mshindani. Zaidi ya hayo, alama iliyothibitishwa katika mbari moja inaweza kukaa kimya katika nyingine, hasa kundi la machotara kama langu.

Yule dume nilimuuza kwa mchinjaji. Aliyemrithi nilimpima mwenyewe kabla ya kutoa fedha, kwa futi ya fundi cherehani niliyoizungusha penye unene mkubwa wa mfuko: sentimita 33. Nilisubiri pia miezi miwili kabla ya kuamua lolote juu ya uzazi wake, kwa kuwa mbegu huchukua wiki 7 hivi kutengenezwa na wiki nyingine moja au mbili kukomaa, na homa ya mwezi uliopita huonekana kwenye mbegu za leo. Binti za yule wa kwanza bado ninao. Namba za hereni zao nimeziandika kwa wino mwekundu daftarini, na kila mmoja wao akizaa dume, ninapiga goti.