Visanamu vya Lugalo kwenye Baridi ya Julai

Iringa, Julai

Tunapaka rangi visanamu vya mchezo wa mezani wa mapigano ya Lugalo, Wahehe walipouvamia msafara wa Wajerumani, na Julai ya huku kwetu si mwezi wa kupuliza rangi asubuhi. Hata jua likishatoka, kopo la spreyi lililolala kibarazani bado lina ubaridi wa usiku, na ukilibonyeza linatema matone. Gesi ya ndani ikipoa, msukumo wake hushuka, rangi ikatoka kwa mafungu. Uso wa kisanamu cha milimita 28, ambao mdomo wake haufiki milimita mbili, hujaa rangi ukawa bapa, na hakuna ufundi wa brashi utakaourudisha. Liweke kopo dakika tano hadi kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia. Si maji yanayochemka, na kamwe si karibu na jiko la mkaa, maana kopo la gesi likipata joto kali linalipuka. Baada ya hapo litikise dakika mbili nzima, simama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye visanamu, na upitishe mkono bila kusimama: anza kubonyeza nje ya kisanamu, maliza nje yake. Kuanzia saa nne au saa tano asubuhi hadi saa tisa ndiyo nafasi yenyewe. Nje ya hapo, afadhali upake praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, kwa brashi.

Wenzetu wa Mbeya, na hasa wa Tukuyu, wana la kwao: ukungu. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hukauka na utandu mweupe, na jeshi zima likaonekana limemwagiwa unga. Mara nyingi haliponi kwa vanishi hiyohiyo. Paka kwa brashi vanishi ya kung'aa juu yake, utandu utapotea, kisha siku kavu urudie ile isiyong'aa. Weupe huohuo unatokea pia kopo lisipotikiswa vya kutosha, kwa sababu unga unaoua mng'ao hukaa chini na kutoka kwa pamoja. Ikifika Agosti upepo na vumbi navyo vinaleta yao: ukipuliza kwa mbali, rangi hukaukia hewani, na kisanamu kinatoka kikwaruzo, msasa mtupu. Hapo sogea hadi sentimita 20 na upulizie ndani ya boksi lililolazwa ubavu.

Praima ya kijivu ya maduka ya vipuri vya magari inafaa kwa visanamu vya madini, na bei yake inavumilika. Kwa vya plastiki usiiamini kabla ya kuijaribu. Ina viyeyushi vikali, na plastiki hii ya polistairini inaweza kulainika hadi kingo za nguo zikapotea. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, uache mpaka kesho yake, kisha ukwaruze kwa ukucha. Na kabla ya rangi yoyote, visanamu vya resini na madini vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa sababu vinatoka na mafuta ya kwenye kalibu na rangi huteleza juu yake. Mistari ya kalibu iondolewe kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Gundi ya plastiki hushika kwa kuyeyusha, kwa hiyo inafaa plastiki kwa plastiki tu. Madini na resini vinahitaji supaglu, kidogo sana, kwani ikizidi haishiki haraka na hutoa moshi mweupe unaochafua sehemu za jirani.

Sasa ngozi. Hapa ndipo maelekezo mengi yanayouzwa pamoja na rangi yanapotuacha njiani, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: anza na rangi ya kati, ongeza nyeupe, maliza. Ukiongeza nyeupe kwenye hudhurungi unapata kijivu, na askari anaonekana amepauka kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Weka nyeupe kando kabisa. Rangi ya msingi iwe sehemu mbili za hudhurungi iliyokolea kwa sehemu moja ya nyekundu ya udongo. Kwenye mikunjo, yaani chini ya taya, kwapani na nyuma ya goti, chukua mchanganyiko huohuo na uongeze tone la bluu nzito badala ya nyeusi. Nyeusi huua ngozi, bluu huipa kina. Kwa sehemu zinazopigwa na jua ongeza njano ya udongo, robo tu kwanza, upake paji la uso, daraja la pua, mashavu, mabega na vifundo vya vidole. Duru ya pili ongeza njano hiyo tena kidogo na uguse ncha tu.

Na ngozi yetu inang'aa, jambo ambalo vanishi isiyong'aa hulifuta. Kazi yote ikishapigwa vanishi hiyo, chukua ile ya kung'aa, ipunguze nusu kwa maji, na uguse paji la uso na mabega. Kugusa, si kupaka. Halafu badilisha mchanganyiko ndani ya kikosi kimoja: wanne wawe wekundu zaidi, watatu weusi zaidi, watatu wa katikati. Wagogo, Wahehe na Wasudani hawakuwahi kuwa rangi moja, na kikosi chenye rangi moja ya uso kinaonekana kimetoka kiwandani hata kama mchoro ni mzuri.

Uzito wa rangi upimwe kwenye ukucha: buruta brashi, mstari usikatike na usitiririke. Matone mawili ya rangi kwa moja la maji ni pa kuanzia. Katika ukavu wa huku rangi inakauka kwenye sahani kabla hujamaliza mguu wa pili, kwa hiyo tumia kontena la plastiki lenye mfuniko, sponji iliyoloweshwa chini, na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi inakaa mbichi siku mbili tatu. Maji ya sponji yabadilishwe, la sivyo harufu yake itakufukuza chumbani. Usiku wa Julai, chumba kikishuka chini ya nyuzi 10 hivi, usipake kabisa. Rangi za akriliki zinahitaji joto kiasi ili zigande kuwa ngozi moja, na zilizokauka kwenye baridi hubanduka kwa kusuguliwa na kidole.

Sare za kaki ndizo zinazodanganya zaidi kwenye mwanga. Chini ya balbu ya njano kila kaki ni nzuri. Ukiitoa nje asubuhi inageuka haradali. Tumia taa nyeupe mbili, moja kila upande, au dirisha. Kaniki ni rahisi ukikubali kwamba si nyeusi: bluu nzito sana, na kwenye mikunjo iliyoinuka bluu hiyohiyo iliyotiwa kijivu kidogo. Kwenye ngao za ngozi ya ng'ombe, anza na rangi ya maziwa mtindi, si nyeupe safi, kisha mabaka ya hudhurungi yenye kingo zilizochanika, ukivuta vijistari vidogo kufuata upande wa manyoya. Mabaka ya duara huwa hayasadikiki. Ng'ombe wenyewe wako njiani kila siku, watazamwe.

Mikuki ya plastiki na ya madini laini haidumu kwenye klabu. Ikate, toboa kiganja kwa keekee ndogo ya mkono, na uweke waya wa shaba wa milimita moja au pungufu kidogo. Ncha ya waya iponde kwa nyundo juu ya chuma mpaka ilale, kisha uikate umbo la jani kwa mkasi wa bati. Iache butu. Mkuki wa milimita 35 uliochongoka utamchoma mtoto wa mtu, na wewe mwenyewe utakuwa wa pili.

Yote haya yanapakwa kwa ajili ya meza. Kisanamu kinasomwa kutoka hatua moja, na mara nyingi kutoka upande wa pili wa meza yenye upana wa sentimita 120. Watu wanamaliza jioni nzima kwenye mboni za macho ambazo hakuna atakayeziona, halafu afisa na mpagazi wanafanana kwa mbali. Kwangu mimi macho yaachwe kivuli cheusi tu, muda huo uende kwenye tofauti ya nguo, ngao na ukingo wa kitako, yaani kisahani kinachokisimamisha kisanamu. Mstari wa rangi kwenye ukingo wa kitako, mmoja kwa kila kikosi, huokoa mabishano mengi kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa.

Vitako navyo. Washa za chuma za duka la vifaa vya ujenzi, zenye kipenyo cha milimita 25, zinashinda vitako vya plastiki: zina uzito, kisanamu hakianguki, na zinashika sumaku. Tundu la kati zibwa kwa selotepu kabla ya gundi nyeupe ya seremala. Juu yake mchanga uliochekechwa kwa kichujio cha chai na kukaangwa kwenye kikaango kikavu, maana udongo wa shambani una mizizi na vijidudu, na ukifungiwa ndani ya gundi unaota ukungu. Udongo mwekundu wa Iringa unatamanisha kuuacha ulivyo, lakini gundi huufanya mweusi. Upakwe rangi juu hivyohivyo: nyekundu ya udongo, kisha njano hafifu kwa brashi kavu, iliyofutwa rangi karibu yote.

Na nyasi zisiwe kijani. Mapigano ya Lugalo yalikuwa tarehe 17 Agosti 1891, katikati ya kiangazi. Kila anayeiga picha za vitabu vya Uingereza anaishia na Wahehe waliosimama kwenye uwanja wa mpira. Kata nyuzi za katani urefu wa milimita 10 hadi 15. Kwa kipimo cha visanamu hivi hiyo ni nyasi ya magotini hadi kiunoni. Zichovye kwenye gundi na uzisimamishe kwa kibano, kwa vishada. Vumbi la mbao linapatikana bure kwa wapasuaji wa Mafinga. Lichekeche, lichanganye na rangi ya maji ya ukutani ya njano iliyofifia, likauke juu ya gazeti. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri, ni majani makavu kabisa chini ya miombo, na magome ya msonobari yakivunjwa ni miamba. Wa Mbeya wana jiwe jepesi la volkano, linalokatika kwa msumeno wa chuma. Hilo tunawaonea wivu. Vilima vya povu jeupe la kufungia friji vipakwe kwanza gundi nyeupe au rangi ya maji kila upande. Spreyi ikigusa povu tupu inalitafuna mpaka linabaki shimo.

Mchezo wenyewe. Msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule aliyeitwa Nyundo, ulikuwa na askari mia tatu na ushee, pamoja na wapagazi. Kisanamu kimoja kwa watu kumi kinakupa askari 32, na wanaingia kwenye meza ya sentimita 180 wakiwa safu ya wawili wawili njiani. Wahehe walikuwa maelfu, na kupaka visanamu 300 ni kazi ya kuvunja ndoa. Weka vikosi vinane vya watu kumi. Kikosi kikivunjika, duru inayofuata kinarudi kutoka ukingo wa meza, upande wa vichaka. Hisia ya wingi inapatikana kwa visanamu 80.

Kosa la wengi wanaoandaa pambano hili ni kuwapa Wajerumani bunduki tayari. Hawakuwa nazo tayari. Walikuwa kwenye mwendo, wamejipanga mstari mrefu, na mizinga na bunduki za mtombo, zile za kumimina risasi mfululizo, zilikuwa mgongoni mwa punda. Kwa hiyo duru ya kwanza askari anafyatua tu kwa dadu ya 5 au 6, na bunduki ile ni ya risasi moja moja: akishafyatua, duru inayofuata anajaza risasi bila kusogea. Kushusha na kufunga bunduki ya mtombo kuchukue duru tatu bila kuguswa na adui. Mchezaji mgeni atalalamika kwamba haitafyatuliwa kamwe. Ni kweli, haifyatuliwi. Wahehe watembee sentimita 20 njiani na 15 kichakani, na wakianza ndani ya sentimita 30 kutoka msafarani, mambo yanaamuliwa duru mbili tatu.

Basi ukihesabu ushindi kwa kuuokoa msafara, nusu ya wachezaji hawatarudi Jumamosi ijayo. Pambano linapona ukimpa Mjerumani lengo lililokuwapo kweli: Luteni Tettenborn alikuwa nyuma na kikosi cha mwisho, akajikusanya kilimani na kupokea walionusurika. Weka kilima hicho robo ya mwisho ya meza. Kila kisanamu kinachofika pale na kubaki mpaka duru ya nane ni pointi moja. Pointi kumi na moja na zaidi, Mjerumani ameshinda mchezo japo ameshindwa vita. Chini ya hapo ni ushindi wa Wahehe. Zelewski mwenyewe asiwe na nguvu yoyote ya pekee, aliuawa mapema.

Kupanga pande nako kuna adabu zake hapa Iringa, kwani wengine mezani ni wajukuu wa hao hao. Kila mtu anataka Wahehe. Tupa dadu, cheza, kisha mbadilishane na mcheze tena siku ileile. Mechi mbili zinaingia ndani ya muda wa saa tatu. Mzee akija kuangalia, shikamoo kwanza, halafu apewe kiti upande wa kilima, maana ndiye atakayesema njia imewekwa kombo. Kisanamu cha mwenzako usikishike bila kuomba, na ukiruhusiwa kishike kitakoni. Jasho la vidole linakula rangi kuanzia puani na magotini.

Kwa safari ya Mbeya, sanduku la bati lenye karatasi ya sumaku chini ndilo bora, kwa kuwa washa za vitako zinang'ang'ania. Ukikosa, sponji ya godoro ya sentimita tano, ikatwe matundu kwa kisu chenye makali, mkuki ukielekea juu. Vanishi ya kung'aa mara mbili, ikauke siku nzima, ndipo ile isiyong'aa mara moja. Na ndani ya basi sanduku likae mapajani, hata konda akisema nini.