Usinikumbushe dawa, niulize niko vipi

Ile meseji ya kliniki ya "kumbuka kumeza dawa yako kwa wakati" mimi siipendi, na najua kuna watakaosema sina shukrani. Niko na virusi vya UKIMWI miaka mingi sasa, dawa nameza kila usiku, vairal lodi, yaani wingi wa virusi kwenye damu, haionekani, kadi yangu safi, na bado simu ikiwaka na hiyo meseji najiona kama nimeitwa ofisini kwa hedimasta. Dawa naikumbuka jamani. Ukishaishi nayo hivi, hata uko harusini na taarab imepamba moto, saa ikifika mkono wenyewe unaenda kwenye mkoba.

Wanaosahau wapo sikatai, hasa ndio wanaanza, na hawa watoto walioko bodingi. Lakini wengi ninaowajua mimi walioacha dawa hawakusahau. Mmoja alihamia kwa mawifi akakosa pa kuficha mkebe wa dawa, manake ule mkebe unalia chakacha chakacha ukiutikisa, wengine huutia pamba ndani ndio unyamaze. Mwingine ilikuwa nauli. Mwingine alichoka tu, moyo ulichoka, akaniambia siku moja, "nimeze niishi nifanye nini?" Sasa huyo ukimtumia meseji ya kumkumbusha umemsaidia nini?

Kwa hivyo nikisikia watu wa semina wanasema simu zimebadilisha maisha ya wenye virusi huwa nauliza, simu inayosema nini? Na upande wa pili kuna nani?

Kuna utafiti ulianza 2007 hapa hapa Kenya, unaitwa WelTel, walichukua watu 538 ndio wanaanza ARV, hizi dawa zetu za virusi, kliniki tatu, Pumwani, Kajiado na ile ya Coptic Nairobi. Nusu wakaendelea na kliniki kama kawaida, nusu wakawa kila Jumatatu asubuhi wanatumiwa meseji moja: "Mambo?" Basi, imeisha hapo. Hakuna neno virusi, hakuna neno dawa, hakuna jina la hospitali. Wewe una saa 48 ujibu Sawa ama Shida. Ukijibu Shida, au ukinyamaza kabisa, unapigiwa simu na mtu wa kliniki, mtu kabisa mwenye sauti, anakuuliza kuna nini.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet 2010. Baada ya mwaka, wale wa "Mambo?" asilimia 62 walikuwa wanameza dawa vizuri, wale wengine asilimia 50. Utasema hayo ni maneno ya wagonjwa wenyewe na mgonjwa humwambia daktari anachotaka kusikia, kweli, mimi mwenyewe najua tunavyojua kupamba, lakini walipima na damu pia, waliofubaza virusi, yaani vimeshuka sana kwenye damu, walikuwa 57 kwa mia dhidi ya 48. Kwa meseji ya kama senti 5 za dola hivi! Na mimi siamini ni ile meseji iliyofanya kazi. Ni kujua kwamba nikinyamaza kuna mtu atashtuka.

Chulaimbo kule upande wa Kisumu kulifanywa utafiti mwingine karibu miaka hiyo hiyo. Wao waligawa simu kabisa, wakawatumia watu meseji za kukumbusha, wengine kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Wa mara moja kwa wiki asilimia 53 walishika dawa vizuri, wasiotumiwa kitu asilimia 40. Na wale wa kila siku? Hawakufaidika lolote. Hii ningewaambia bure bila utafiti, mtu akikwambia kitu kimoja kila siku unaacha kumsikia, muulize yeyote aliyelelewa na shangazi mkali.

Halafu kuna wa Kibera ambao mashabiki wa teknolojia hawapendi kuutaja. Hapo walichukua watu 700 ndio kwanza wamejua wako na virusi, nusu wakatumiwa meseji ile ile ya kila wiki, wakaulizwa wako vipi, kujibu, kupigiwa, kila kitu, na mwaka ukaisha bila tofauti, waliobaki kliniki walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Mimi sikushangaa. Miezi ile ya mwanzo hutaki hata kuiona namba ya kliniki, kichwa kinazunguka, hujui umwambie nani, na huyo anayekuuliza kwa simu humjui uso. Mwanzoni nafikiri mtu anahitaji mtu wa kukaa naye kiti kwa kiti. Simu inaingia baadaye, mkishajuana.

Sasa hii "baadaye" ndiyo hakuna mtu anaijali. Ukishafubaza virusi wewe ni mgonjwa mzuri, unapewa dawa za miezi mitatu, wengine sita, na mimi nashukuru wallahi, nauli inapungua na kukutana na majirani kwenye benchi kunapungua, lakini ni miezi mitano na kitu hakuna anayekuuliza chochote, na yote yanayofanya maisha kuwa maisha yanatokea ndani ya hiyo miezi.

2014 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, walileta lile lengo la 90-90-90, kwamba wenye virusi 90 kwa mia wajue hali yao, kati ya hao 90 kwa mia wawe kwenye dawa, na kati ya hao 90 kwa mia wafubaze virusi. 2016 wataalamu wengine wakasema ngojeni, iongezwe 90 ya nne, kwamba hao waliofubaza wawe pia wanaishi maisha mazuri. Ndio hao nawapenda. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake la kupima hayo maisha mazuri kwa wenye virusi, lile fupi lina maswali 31, yanauliza kuhusu maumivu, usingizi, pesa, marafiki, kama unaogopa siku za mbele, kama unawaza kufa, kama watu wanakulaumu kwa kuwa na virusi. Niliyasoma yote nikakaa kimya kidogo. Hakuna siku nimeulizwa hata matano ya hayo, na nimekaa kwenye mabenchi ya CCC, kliniki yetu wenye virusi, mpaka mabenchi yamebadilishwa.

Chukua usingizi. Wakati ule tulikuwa tunameza efavirenz, ARV ya zamani, walioimeza wanajua, zile ndoto! Unaota umefukuzwa na maiti, unaamka kitanda chote kimelowa jasho, asubuhi kizunguzungu hujui hata kushuka ngazi. Na kwenye kadi imeandikwa anaendelea vizuri. Dolutegravir, ARV iliyokuja baada yake, ilianza kuingia Kenya 2017, tukawa katika nchi za kwanza Afrika, na ndoto zikaisha, nikaanza kulala kama watu. Lakini wengi wetu hasa wanawake tukaanza kunenepa. Watu mtaani wanakusifu "umependeza, ndoa imekukubali", kumbe wewe sketi zote hazifungi na goti linauma. Nalo hilo nilimwambia nani? Nilimwambia fundi wa nguo.

Ama sukari. Tunazeeka sasa na virusi, jambo ambalo zamani hatukulitarajia, kwa hivyo presha na sukari zinatukuta kama wengine wote. Mwenzangu alipewa metformin, dawa ya sukari, kwenye kituo kingine ambako hakusema yuko na virusi, aliona aibu, na dolutegravir inapandisha metformin mwilini, kwa hivyo kipimo kinafaa kiangaliwe, kwa kawaida hakizidi miligramu 1000 kwa siku. Kwa bahati akaniuliza mimi, nikamwambia piga CCC leo leo, usingoje siku ya kadi. Na hizi za kiungulia na za kuongeza damu, wengi hawajui hazimezwi tu hivi hivi pamoja na dolutegravir, kuna kuachanisha masaa. Hayo ndiyo ya kupigiana simu.

Na Ramadhani! Meseji inakuja saa mbili asubuhi "meza dawa yako", na mimi nimefunga. Yaani mashine haijui hata kuna mwezi mtukufu na tuko Mombasa. Alhamdulillahi kulikuwa na nesi mmoja wakati huo unaweza kumpigia, nikamuuliza, akaniambia nihamishie usiku baada ya futari na niishike saa hiyo hiyo kila siku, haina tatizo. Dakika mbili hazikufika. Sijawahi kurudi asubuhi tena, hata Ramadhani ikiisha nameza usiku.

Sasa kuna hili la siri. Simu ya mwanamke wa huku si yake peke yake, mume anashika, mtoto anachezea gemu, wifi anaazima apige. Nawajua wanawake namba ya kliniki wameisevu "Fundi Cherehani", mwingine "Mama Samosa", mpaka mumewe siku moja akampigia aagize. Kwa hivyo wanaotunga hizo meseji, tafadhali, neno moja tu la ARV kwenye skrini linaweza kuvunja nyumba ya mtu. Kule Kampala Infectious Diseases Institute wana mfumo wao wa Call for Life, kompyuta inakupigia, inaongea lugha uliyochagua, na kabla haijasema kitu inataka uingize namba yako ya siri. Hilo ni wazo la mtu aliyeishi nyumba ya kupanga. Sisi tuna sheria tangu 2006 inayokataza mtu kutangaza hali ya mwenzake, na hata mahakama yake maalum ya HIV ipo, lakini ukishaachwa, mahakama itakurudishia nini?

Wale walionisaidia mimi zaidi hawakuwa madaktari, ni wale washauri wenzetu, wenye virusi wenyewe, waliopewa simu ya kliniki na kredo kidogo ya mwezi. Alikuwa mmoja anapiga anaanza na habari za watoto, anaulizia biashara, anacheka, halafu kama kitu cha pembeni, "na ile kitu yetu?" Unamwambia yote. Lakini mishahara yao mingi ilikuwa ya pesa za nje, PEPFAR, ule mpango wa UKIMWI wa Marekani, na wenzake, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kwetu wakaambiwa wakae nyumbani. Ghafla tu. Cha kuchekesha, mashine haikuachishwa kazi, meseji za kukumbusha zikaendelea kuja. Nikajaribu kuijibu moja, nikaandika "shida", manake kweli nilikuwa nayo, ikarudi haijaenda, ile namba haipokei majibu.

Tukajipanga wenyewe, grupu ya wosap, jina lake la upishi ndio mtu akiiona asiulize, tunaulizana kila Ijumaa. Inasaidia, ila nisidanganye, sisi si madaktari, mtu akisema kifua kinambana tunaweza tu kumwambia nenda. Na wasio na simu za maana hawamo. Kuna mama mmoja mtu mzima wa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hajui kusoma, yeye meseji ya namna yoyote haimfai, anataka sauti. Mimi humpigia.

Kwa hivyo kama kuna mtu wa kaunti anasoma, kabla ya kutengeneza apu nyingine yenye rangi nzuri ambayo inataka simu kubwa na bando, mrudishieni mtu mmoja kiti chake, simu na kredo. Namba iwe ya kujibika. Mara moja kwa wiki inatosha, na aliyezoea mumpunguzie hata mara moja kwa mwezi. Na msipige Jumatatu saa nne asubuhi, hapo niko sokoni Kongowea nimezungukwa na wateja na spika ya simu yangu ni mbovu, inasikika mpaka kwa jirani wa nyanya. Nipigieni baada ya isha.